Nimehamia Tanga kutoka Limuru, joto linanimaliza: lipi niuachie mwili, lipi nikapime?

Swali la msomaji:

Shikamoo daktari. Mimi ni mzaliwa wa Limuru, Kenya. Mwisho wa Januari tulihamia Tanga kwa sababu mume wangu amepata kazi ya kuchomelea vyuma upande wa Chongoleani. Tumepanga vyumba viwili Chumbageni, nyumba ya bati, haina dari. Hii ni wiki ya nne. Wiki mbili za kwanza nilidhani jasho litanimaliza, kisha nikaona afadhali, lakini tangu juzi kichwa kinauma, viungo vinauma, na usiku nasikia baridi halafu naloa. Majirani wanasema ni joto tu, nitazoea. Mtoto wetu wa miezi minne amejaa vipele shingoni na mgongoni, na mama mwenye nyumba ananihimiza nimpe maji na dafu. Mume wangu anarudi kila jioni fulana ina mistari myeupe ya chumvi. Je, tununue kiyoyozi? Mtu wa baridi huchukua muda gani kuzoea huku? Pasaka tutaenda nyumbani mwezi mzima. Hilo lina neno?

Jibu:

Marahaba mwanangu, na karibu Tanga.

Nianze na la juzi, maana halingoji. Kichwa, viungo, baridi ya usiku kisha jasho: hilo usilihesabu kuwa joto la Tanga. Mbebe mtoto, nenda kituo cha afya kilicho karibu ukapime malaria leo. Kipimo cha haraka ni tone la damu kidoleni na kusubiri kama robo saa. Haya mengine utayasoma kwenye foleni.

Nina sababu ya kukuharakisha. Mtu mzima mwenye afya akihamia penye joto, mwili wake huanza kuzoea ndani ya siku chache, na baada ya wiki mbili huwa umeshafika mbali. Wewe mwenyewe umeandika hivyo: wiki mbili za shida, kisha afadhali. Ndivyo joto linavyokwenda, linaanza kwa makali halafu linalegea. Malaria ina kalenda yake. Mbu akikuuma leo, vimelea hujificha kwanza kwenye ini, na homa huja baada ya siku 7 au zaidi, mara nyingi kati ya siku ya 9 na ya 14. Kwa hiyo mgeni anayeshuka Tanga huanza kupata nafuu ya joto wakati ule ule ambao malaria yake ya kwanza inaweza kujitokeza. Aliyekwisha kupata nafuu kisha akageuka kuwa mgonjwa asiambiwe bado hajazoea. Akapime.

Majirani zako hawana nia mbaya. Mtu mzima aliyekulia Muheza au Pongwe ameumwa na mbu wenye vimelea tangu utotoni, mwili wake umejenga kinga ya kiasi, na malaria kwake yaweza kuwa kichwa na uchovu wa siku mbili tatu. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya huko haikipi kimelea nafasi ya kukomaa ndani ya mbu. Mmekuja wote watatu bila kinga hiyo, na malaria kwenu inaweza kugeuka kali haraka. Ukikutwa nayo utapewa dawa mseto, ALu, dozi 6 kwa siku 3. Imeze pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo, umalize hadi kidonge cha mwisho hata kama siku ya pili umeamka mzima, na mwambie mtoa huduma kwamba unanyonyesha. Kipimo kikisema huna na homa ikaendelea, rudi kesho yake. Mwaka 2019 dengue, homa nyingine inayoletwa na mbu, ilipolipuka Dar es Salaam, Tanga nayo ilipata wagonjwa, na dengue huanza hivyo hivyo, kichwa na viungo. Mpaka ijulikane ni kitu gani, tuliza homa kwa parasetamo peke yake. Diklofenaki na aspirini ziache dukani.

Sasa joto lenyewe. Huenda umejiuliza: mbona Limuru nako kuna unyevu, ukungu wa asubuhi kwenye mashamba ya chai unalowesha nguo, lakini mtu hafi na jasho? Jibu liko kwenye kiasi cha mvuke ambacho hewa inaweza kubeba. Hewa ya nyuzi 15 ikishiba kabisa, hadi ukungu unaonekana kwa macho, ina gramu 13 tu hivi za maji katika mita moja ya ujazo. Hewa ya Tanga ya Februari, nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70, ina karibu gramu 24, ingawa kwa macho mbingu ni nyeupe pee. Ile hewa ya Limuru ikigusa ngozi yako inapata joto, na ikishapata joto ina nafasi kubwa ya kubeba jasho lako. Hii ya Tanga inakufikia tayari imebeba mzigo.

Na jasho halipoozi kwa kutoka. Linapooza kwa kukauka. Lita moja ya jasho ikikaukia mwilini huondoka na kilokalori zipatazo 580 za joto, lakini lita hiyo hiyo ikidondoka sakafuni haikusaidii chochote, umepoteza maji na chumvi bure. Ni kama kanga uliyoanika siku isiyo na upepo: inashinda kambani na jioni bado mbichi. Ndiyo maana kila ushauri nitakaokupa hapa chini, wa nyumba, wa nguo na wa feni, shabaha yake ni jasho likauke. Kupunguza nyuzi zenyewe ni kazi ya pepo za msimu, kaskazi na kusi, si yako.

Kitu kimoja niondoe njiani. Wageni wengi wa kutoka juu huniambia hewa ya pwani ni nzito, hawapati pumzi. Oksijeni iko nyingi zaidi hapa kuliko Limuru, mapafu yenu yamepata nafuu. Huo mkandamizo unaousikia ni mwili unaoshindwa kupoa, moyo ukienda mbio kupeleka damu kwenye ngozi. Hupungua pamoja na mengine. Ila anayebanwa na kifua hata akiwa amekaa kwenye upepo, huyo amwone daktari.

Kuzoea kwenyewe kunakwenda hivi. Siku 3 hadi 5 za mwanzo mwili huongeza maji ya damu, na mapigo ya moyo yanaanza kushuka. Baadaye kidogo jasho hujifunza kuanza mapema, kabla hujapata joto sana, na hutoka kwa wingi zaidi. Kisha, na hapa ndipo mumeo anapoingia, tezi za jasho hujifunza kurudisha chumvi mwilini. Chunguza fulana zake za rangi nyeusi. Wiki ya kwanza mistari ile myeupe inakuwa mipana, kwapani na mgongoni, ukiikunja fulana inakwaruza. Kufikia wiki ya tatu jasho ni lile lile au zaidi, lakini mistari imefifia. Kama ya mumeo bado ni minene vile vile baada ya wiki nne za kazi, ama anafanya kazi kupita kiasi mwili unachoweza, ama ndani ya ovaroli na aproni ya ngozi hamna hewa kabisa. Na usisahau kwamba fundi wa kuchomelea analo joto lake mwenyewe mbali na la jua.

Kwa mumeo ningekuwa mkali kidogo, kwa kuwa vijana wa kiume hawasemi mpaka waanguke. Wengi wanaoangushwa na joto kazini huanguka siku za mwanzo, kabla mwili haujajipanga. Hili si jambo jipya: migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, ilipoteza wachimbaji kwa kiharusi cha joto miaka ya 1920, na njia iliyopatikana ikawa kumzoesha mgeni kazi kwa hatua. Kanuni inayofuatwa sasa kwa mfanyakazi mpya ni sehemu ya tano ya kazi ya joto siku ya kwanza, na kuongeza sehemu ya tano kila siku, hivyo siku ya tano ndipo anafika kazi kamili. Yeye ameshapita hapo, lakini akirudi kutoka likizo aanze tena hivyo, na amwambie msimamizi wake mapema, si baada ya kizunguzungu. Maji anywe kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20 anapokuwa kwenye joto, asingoje kiu, na asizidishe lita moja na nusu kwa saa. Maji mengi mno bila chumvi nayo yanaumiza.

Muhimu zaidi ni hili, alijue yeye na wenzake. Mtu akianza kuongea ovyo kazini, akayumba, akakasirika bila sababu au akaishiwa fahamu na mwili wake unachoma, hicho ni kiharusi cha joto. Ndani ya mwili joto limefika nyuzi 40 au zaidi. Wasimkimbize hospitali akiwa mkavu. Kwanza avuliwe ovaroli, amwagiwe maji mwili mzima, apepewe kwa nguvu, kwapani na shingoni awekwe vitambaa vya maji baridi, na huku gari likitafutwa wampeleke hospitali ya Bombo wakiendelea kummwagia. Parasetamo haisaidii hapo. Wala asinyweshwe kitu ikiwa hajitambui.

Kuhusu vinywaji nyumbani, kipimo chako ni mkojo. Mkojo ukiwa na rangi ya majani makavu mepesi, maji yanakutosha. Ukiwa na rangi ya chai, umechelewa. Dafu ni zuri na msilikose kwa kuwa Tanga halina bei ya kutisha, ila lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na jasho linachukua zaidi sodiamu. Kwa hiyo anayetoka jasho kutwa nzima dafu peke yake halimtoshi. Chakula cha kawaida chenye chumvi ndicho kinachorudisha, au maji ya ndimu yenye chembe ya chumvi na sukari. Vidonge vya chumvi sivipendi. Misuli ikimkaza, pakiti moja ya ORS katika lita moja ya maji safi. Chai ya moto ya saa kumi usiogope, wenyeji wanakunywa kahawa ya moto barazani na hawajakosea: inawatoa jasho, nao wamekaa kwenye upepo linakauka. Ukiinywea chumbani madirisha yamefungwa, umejitesa bure. Na kuoga maji ya baridi kabla ya kulala hakuleti homa wala vichomi. Oga, jifute nusu, simama mbele ya feni.

Tufike kwenye nyumba, maana hapo mnaweza kushinda vizuri. Fanya jaribio hili kesho. Saa nane mchana simama katikati ya chumba, inua kiganja kuelekea bati bila kuligusa. Utasikia joto likikupiga kiganjani kutoka juu, hata kama dirishani kuna upepo. Halafu saa tatu usiku, bati limeshapoa, bandika kiganja hicho hicho kwenye ukuta wa upande wa magharibi. Tofali za saruji zimekunywa jua la jioni, bado zina moto. Sasa niambie kitanda chenu kimeegemea ukuta upi. Nyumba nyingi ninazoingia kuona wagonjwa, kitanda kiko hapo hapo kwenye ukuta wa moto na juu yake bati tupu. Kihamishe ukuta wa mashariki au wa ndani, na usiku mmoja tu utaona tofauti.

Kiyoyozi? Msinunue sasa. Chumba kisicho na dari, ubaridi unapotea juu kwenye bati na uniti za umeme wa LUKU zinakwenda nao. Nawapangia mpangilio wa fedha hivi: dari kwanza, feni pili, kiyoyozi mwaka kesho kama bado mtakitaka. Dari ya jipsamu ni ya kumwomba mwenye nyumba, lakini mpangaji anaweza kutandaza mikeka ya ukindu juu ya mbao za kenchi kwa fedha kidogo, na ikazuia sehemu kubwa ya lile joto la kutoka juu. Bati likipakwa rangi nyeupe kwa nje linasaidia pia. Feni chagueni panga boi, au ya kusimama iwekwe karibu na kitanda; Tanga haifiki nyuzi 35 mara nyingi, hivyo hewa ya feni karibu siku zote inakausha jasho, tofauti na miji ambako feni ikipuliza ni kama upepo wa tanuri. Mchana funga pazia upande wa jua. Jioni fungua mlango wa mbele na wa uani pamoja. Nyumba za zamani za Ngamiani, zile zenye ukumbi unaonyooka kutoka barazani hadi uani, zilijengwa kwa akili hiyo, na fundi wa siku hizi anayeziba ukumbi ili apate chumba cha tano cha kupangisha ananiudhi.

Godoro la sponji linashika joto la mwili. Mkipata kitanda cha kamba na godoro jembamba la pamba, hewa inapita chini. Chandarua chenye dawa hakiepukiki, najua kinapunguza upepo, basi feni isogezwe ipulize moja kwa moja. Kliniki ya mtoto ulizia chandarua.

Ukija kununua kiyoyozi siku moja, weka nyuzi 26, usiku tu. Kulala penye ubaridi hakuvunji mazoea ya mchana, usingizi mzuri hata husaidia. Anayebaki mgeni ni yule anayeshinda kutwa ndani ya kiyoyozi, anatoka nyumbani kwenda garini, garini kwenda ofisini. Mwili haujifunzi joto usiloliona. Unataka saa moja au mbili za kutoka jasho kila siku. Kwa hiyo kwenda sokoni Mgandini kwa miguu asubuhi ni dawa. Kwenda saa saba mchana ni ushujaa usio na faida.

Na hapo niseme neno kwa watu wa bara wanaoshangaa kwa nini mitaa ya Tanga inapoa kuanzia adhuhuri. Nimesikia wakiita uvivu. Mtu aliyeamka alfajiri, akamaliza kazi nzito kabla ya saa tano, akapumzika kivulini hadi alasiri kisha akaendelea hadi usiku, amefanya kazi saa zile zile kwa jasho dogo zaidi. Fua alfajiri. Pika cha mchana mapema. Pasi piga usiku.

Nguo: pamba, pana, rangi isiyo ya giza. Madera yanayouzwa barabarani yanaonekana ya upepo lakini mengi ni poliesta, hayanywi jasho. Kabla hujalipa dondosha tone la maji juu ya kitambaa: likitawanyika na kuzama, chukua, likibaki shanga juu ya nguo, rudisha. Kanga na kitenge cha pamba havikuangushi. Masweta msiuze, ila yatoeni kabatini muyaanike juani kila wiki, la sivyo kuvu itayamaliza. Chini ya matiti, kinenani na katikati ya vidole vya miguu pakauke baada ya kuoga, maana fangasi hapa hawahitaji mwaliko.

Mtoto. Vipele vile ni harara, vitundu vya jasho vimeziba. Havihitaji sindano wala dawa ya kunywa. Nitakachokuomba ni kigumu kwa mtu wa Limuru: mvue. Shali, kofia ya sufu na soksi mlizokuja nazo, zote zifungwe sandukuni. Ndani ya nyumba nepi na fulana nyepesi ya pamba vinamtosha, na mchana wa Februari hata nepi peke yake. Muogeshe maji ya uvuguvugu mara mbili kwa siku, sabuni mara moja tu, mpapase kwa taulo usimsugue, halafu mwache akauke kwenye hewa kabla ya kumvisha. Usimpake mafuta mazito wala vaselini kwenye vipele, vinaziba zaidi. Poda nayo hapana, anaivuta kwenye mapafu. Vikianza kutoa usaha au kuwa vyekundu vyenye moto, aonwe. Shika kifua au mgongo wake kujua kama ana joto sana. Mikono na miguu hudanganya.

Kuhusu maji na dafu, mshukuru mama mwenye nyumba kwa heshima zote, na usimpe. Mpaka atimize miezi sita ni maziwa yako tu, na hii haibadiliki kwa sababu ya joto. Karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji. Joto likizidi ataomba ziwa mara nyingi zaidi kwa muda mfupi mfupi, mpe kila akiomba, na hilo dafu ulilonunuliwa unywe wewe. Ukimjazia tumbo maji atanyonya kidogo, atakosa lishe, na maji yasiyo salama yatamletea kuhara. Nepi zinazolowa vizuri mara sita au zaidi kwa siku ni dalili kwamba anapata ya kutosha. Leo ukienda kupima, mpimwe wote wawili, na mwombe wampime joto pia. Kipimajoto cha kwapani kikisoma 37.5 au zaidi baada ya kumvua na kumpumzisha kivulini, hiyo ni homa, na mtoto wa miezi minne mwenye homa hapelekwi kesho.

Mmekuja mwezi mbaya, hilo mlijue lisiwakatishe tamaa. Januari hadi Machi ni kaskazi, na kaskazi inapoishiwa nguvu mwezi Machi upepo unakatika, ndicho kipindi ambacho wavuvi hukiita malelezi, na hapo hata sisi wenyeji tunalalama. Masika ikiingia mwishoni mwa Machi au Aprili, na kusi ikaanza kuvuma, hali inageuka. Juni hadi Agosti usiku hushuka hadi kama nyuzi 20, mtatafuta shuka. Kabla ya hapo mkizidiwa, pandeni Lushoto mwisho wa wiki. Wajerumani walipokuwa wakitawala waliujenga mji ule kuwa mahali pa kupumulia, wakauita Wilhelmstal, kwa hesabu rahisi tu: kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi kama 6, na Lushoto iko karibu mita 1,400. Siku mbili huko hazifuti mazoea yenu.

Mwezi mzima Limuru unayafuta. Mwili huanza kusahau joto baada ya wiki moja hivi, na baada ya wiki tatu hadi nne umebaki na kidogo tu. Lakini mtarudi Mei, mvua zipo na kusi inavuma, hivyo mtaanza tena kwa upole, na mara ya pili mwili hujifunza upesi. Mumeo ndiye wa kukumbushwa ile kanuni ya sehemu ya tano.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kuhusu safari hiyo ni malaria. Unaweza kuumwa na mbu Chumbageni usiku wa mwisho, ukaugua Limuru wiki mbili baadaye, mahali ambapo homa na kichwa husomwa kama mafua ya baridi, na kwa mtoto kama kifua. Yeyote kati yenu akipata homa huko, hata kama mmeshakaa mwezi, aende hospitali siku hiyo hiyo na sentensi ya kwanza anayomwambia daktari iwe: nimetoka Tanga, naomba kupimwa malaria.